Jogoo wa Mama Mkwe

Wiki iliyopita mliniacha juu ya lori la mchanga, kiatu kimoja mguuni, nikimkimbia mtetea aliyekuwa amefungwa miguu.

Nawashukuru nyote mlioniandikia kunipa pole. Yule wa Masimba aliyenitumia picha ya jogoo kwenye simu, nakujua, na dukani kwangu usikanyage tena.

Kwa anayeanza leo, nieleze upesi. Mimi ni Walter Angwenyi, nina duka la vifaa vya ujenzi mjini Keroka. Madereva wa malori nawafokea, mbwa simwogopi, na nyoka nimewahi kumuua kwa koleo. Lakini kuku, ndugu zangu, kuku hapana. Aliyepikwa namla, hana shida na mtu. Shida yangu ni huyu anayetembea. Wavu wa banda la kuku nauza, ila mteja akianza kunieleza atafuga wangapi, namwambia inatosha.

Basi nilikwenda Nyamira kwa kina Nyamoita, mwalimu wa chekechea ninayetaka kumwoa. Baba yangu mdogo, Mzee Onyancha wa Keumbu, alikuja kuwa msemaji wangu. Tulikula, tukaombewa, tukacheka. Wakati wa kuaga, mama yake Nyamoita, Mama Bathsheba, akaleta mtetea mzima nirudi naye nyumbani, kama ilivyo kwetu mgeni akipendwa. Akamweka kwenye nyasi mbele yangu.

Nilipiga ukelele, nikapenya kwenye majani chai, na mengine mnayajua.

Msiyoyajua ni yaliyotokea nyuma yangu. Mzee Onyancha alikuja dukani Jumatatu iliyofuata, akaketi juu ya mfuko wa saruji, akavua kofia.

“Baba mdogo, uliwaambia nini?”

“Ningewaambia nini? Kwamba mwana wetu anaogopa kuku? Jina letu lingebaki wapi?”

“Kwa hivyo?”

“Nikasema umekasirika. Nikawaambia kwetu Keumbu mkwe hapewi mtetea, anapewa jogoo. Mtetea ni dharau.”

Nilishika kaunta. “Hiyo desturi umeitoa wapi?”

“Pale pale nilipokuwa nimesimama.”

“Na wao wakasemaje?”

Akageuza kofia mikononi. “Mzee Masese, baba yake Nyamoita, hakusema kitu. Yule mama ndiye alisema. Akasema, ‘Sawa. Kama ni jogoo anataka, jogoo atapata.’”

Jioni hiyo Nyamoita akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mimi napenda zaidi akinipigia kelele.

“Walter, hiyo kuku mama alilea na mkono yake. Wewe ukaona ni ndogo?”

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini mwanamume mzima, mwenye duka, unamwambiaje mwanamke unayemtaka kwamba umemkimbia kuku? Nikauma ulimi.

“Si hivyo, Nyamoita.”

“Kama hunitaki, sema. Usipitie kwa kuku.”

“Nakutaka.”

“Basi urudi. Mama anasema mwisho wa mwezi ujao, Jumapili. Na Walter, ukikimbia tena, usisimame.”

Akakata.

Usingizi ulinipaa. Asubuhi nikafungua simu, nikatafuta msaada, na kabla ya juma kwisha nilikuwa mjini Kisii, ghorofani juu ya duka la sare za shule, mbele ya mama mmoja mwenye miwani aitwaye Madam Tryphosa. Ni mshauri nasaha. Tiba yake inaitwa CBT, yaani tiba ya kurekebisha fikra na mwenendo. Nilitegemea nitapewa vidonge, kumbe nitapewa maswali.

“Kuku atakufanya nini?” akaniuliza.

“Atanirukia usoni. Atanidonoa macho.”

“Halafu?”

“Halafu nitakuwa kipofu, Madam. Kwani kuna halafu nyingine?”

“Na hapa Kisii umewahi kuona mtu aliyepofushwa na kuku?”

Nikafikiri kwa makini, maana nilikuwa nimelipia. “Labda huwa hawatoki nje.”

Alicheka mpaka akavua miwani. Sikukasirika. Kilikuwa kicheko cha mtu aliye upande wangu.

Nikamsimulia jambo ambalo hata ninyi sijawaambia. Nikiwa mdogo nilimwokota kifaranga, nikamtia mfukoni. Mama yake aliniparamia kichwani na kucha zote, na ndugu zangu wakawa wanabingirika chini kwa kicheko. Tangu siku hiyo, nikimwona kuku, miguu huamua kabla yangu.

“Na tangu siku hiyo umewakimbia wote?”

“Wote.”

“Basi hujawahi kukaa ukaona mwisho wake.”

“Mwisho wake ni macho, Madam.”

“Hujui. Kila mara huwa umeshaondoka.”

Mtu akikwambia jambo la kweli namna hiyo, inakera kidogo.

Akanieleza kwamba woga una ngazi, na kwamba tutaipanda taratibu, hakuna atakayenisukuma. Kwanza picha. Halafu sauti. Halafu kuku wa mbali. Halafu kuku wa karibu. Na juu kabisa, kuku mikononi. Kila nikipanda, hofu itapanda nami, lakini nikiikalia bila kukimbia, itachoka yenyewe na kushuka. Nilimsikiliza kama mtu anayeuziwa shamba lililo chini ya maji.

Kazi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa kusikiliza jogoo akiwika kwenye simu. Nikaona nisipoteze muda, nikamweka kaunta awike huku nikihudumia wateja.

Mama mmoja aliyekuja kununua misumari akageuka huku na huku. “Unauza na kuku siku hizi?”

“Hapana, mama.”

“Sasa hiyo nasikia ni ya nani?”

“Ni ya simu.”

Akaniangalia kwa huruma. Kesho yake alirudi na mwenzake, wakaulizia bei ya jogoo. Mpaka Ijumaa watu walikuwa wanazunguka nyuma ya duka kumtafuta. Dereva mmoja wa lori akaniapia kwamba amemwona kwa macho yake, ni mwekundu.

Lakini nasema ukweli, kufikia Ijumaa hiyo nilikuwa nakunywa chai jogoo akiwika, na kikombe hakitikisiki.

Picha zikapita. Kuku wa mbali akapita pia, ingawa nilikuwa dirishani, dirisha limefungwa na pazia nusu. Ndipo Madam akaniambia niende kwake nyumbani, nje kidogo ya mji, akanijulishe kwa Sista.

Sista alikuwa mtetea mzee wa rangi ya kahawia. Walimwita hivyo kwa kuwa hakuwahi kumsumbua mtu. Mimi nilifika na gambuti, miwani ya jua na mwavuli, na mvua haikuwepo.

“Mwavuli ni wa nini?” Madam akauliza.

“Akiruka, naufungua.”

“Lete.”

“Madam…”

“Lete mwavuli, Walter. Na miwani. Ukiwa navyo, utafikiri ni vyenyewe vilivyokuokoa.”

Nikavitoa kimoja kimoja. Sista alikuwa anachakura karibu na bomba la maji. Tukakaa kwenye viti, tukamwangalia. Jasho jembamba likanitoka. Moyo ulienda mbio hata nikahisi majirani wanausikia.

Halafu Sista akaanza kuja.

“Anakuja, Madam.”

“Naona.”

“Anakuja kwangu!”

“Sema unachowaza.”

“Nawaza macho!”

“Na macho yako yako wapi?”

“Huku juu.”

“Na Sista yuko wapi?”

Nikatazama chini. Sista alikuwa amepanda juu ya gambuti langu, amesimama hapo, anatazama bomba la maji. Hakuwa na habari nami. Nilitaka kuruka, naapa, kila mfupa ulitaka kuruka. Nikakaza meno. Hofu ikapanda, ikapanda, ikafika mahali nikasema sasa nakufa. Kisha, bila mtu kuigusa, ikaanza kushuka. Nikaihisi ikishuka.

“Madam,” nikanong’ona, “inapungua.”

“Nilikwambia.”

Nililia. Naliandika hili nikijua mjomba wangu husoma gazeti hili. Nililia kwa sababu mtetea amesimama juu ya kiatu changu na mimi bado nipo.

Tulirudia kila juma. Sista akakaa karibu na kiti, akakaa juu ya kiti, nikamgusa mgongo kwa kidole, nikamgusa kwa kiganja. Mwishowe Madam akamnyanyua na kuniwekea kifuani. Alikuwa na joto na uzito mdogo sana. Nikashangaa kwamba ni kitu hiki kilichonifanya nilale nje ya nyumba ya shangazi yangu Krismasi nzima.

“Uko tayari,” Madam akasema. “Mama mkwe akikukabidhi, unapokea hivi hivi.”

Mimi ni Mgusii, na Madam Tryphosa ni Mgusii. Ona basi jambo ambalo sisi wawili, na akili zetu zote, hatukulikumbuka.

Jumapili ikafika. Mimi na Mzee Onyancha tukaingia kwa Mzee Masese tumenyooka, mashati yamepigwa pasi. Nyamoita alitusalimia kwa adabu ya watu wasiojuana. Chakula kikapita, maombi yakapita. Mzee Masese akajikohoza.

“Wageni wetu,” akasema, “mara ya kwanza tuliwakosea. Hatukujua watu wa Keumbu wanapewa jogoo. Sasa tumejua.”

Mzee Onyancha akaitikia kwa kichwa, mzito kama jaji. Nikatamani kumkanyaga.

Mama Bathsheba akatoka nje, akarudi amekumbatia kitu. Nilidhani ni mbuzi mdogo. Ndugu wasomaji, yule jogoo alikuwa mwekundu, shingo ya dhahabu, na miiba ya miguuni ambayo ungeweza kutundikia koti. Kwa wiki zote nilizokuwa nikienda Kisii, yule mama alikuwa akimlisha mahindi mazima kwa hasira.

Nikasimama. Nikanyoosha mikono nipokee, kama nilivyofundishwa.

Mama Bathsheba akarudi nyuma hatua nzima. “Yaya, tata,” akasema, yaani hapana, baba, akainamisha macho.

Ndipo nikakumbuka. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawapeani mkono, wala kitu hakitoki kiganja kwa kiganja. Ni heshima, kila mtoto wa Kisii anaijua. Ndiyo maana yule mtetea wa kwanza aliwekwa kwenye nyasi. Akamweka jogoo juu ya kiti cha plastiki katikati ya sebule, akamwachia, akasogea pembeni.

Hakumfunga miguu. Labda hakukuwa na kamba ya kumtosha.

Kwa hiyo nisingepokea kuku. Nilitakiwa nimkamate mwenyewe, na hilo hatukulifikia hata siku moja kwa Sista.

Jogoo akaniangalia kwa jicho moja. Akageuka, akaniangalia kwa lile jingine. Nyamoita alikuwa mlangoni, na niliona anaangalia miguu yangu, si uso. Alikuwa anasubiri iondoke.

Nikaona macho yakidonolewa. Nikajiuliza, Walter, hilo unalijua au unaliwaza? Ninaliwaza. Umewahi kukaa ukaona mwisho wake? Nimewahi. Mwisho wake ulikuwa Sista anatazama bomba.

Nikapiga moyo konde, nikaenda. Nikashusha mikono yote miwili juu ya mabawa yake, nikambana. Akapiga kelele moja ambayo niliihisi kwenye meno. Sikumwachia. Hofu ikapanda mpaka masikioni, nikaikalia. Nikamnyanyua, nikamweka kifuani. Akatulia.

Mama Bathsheba akapiga vigelegele. Shangazi wawili waliokuwa jikoni wakatoka mbio wakaitikia. Mzee Masese akapiga makofi. Nyamoita hakupiga makofi, ila alishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama usoni. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata hata nikiuza lori zima la mabati.

Kama tungeaga hapo, hadithi yangu ingeishia hapo. Lakini Mzee Onyancha alikuwa ameshapata moto.

“Mnaona?” akasema, akasimama. “Huyu kijana wetu kuku ni damu yake. Hii jogoo moja kwake ni kama kitu ya kuonja tu!”

“Baba mdogo,” nikasema kwa meno, “keti.”

“Wacha niongee! Huyu si mtu wa kuku moja!”

Mama Bathsheba akafuta macho kwa kitambaa cha kichwani. “Nilijua,” akasema. “Nilimwambia baba Nyamoita, mtu anayekataa mtetea lazima anajua kuku vizuri. Sasa sikieni. Mimi magoti imekataa. Hiyo banda yangu yote siwezi tena. Wataanza maisha nayo. Wote nawapa Nyamoita na mume wake, waende nao Keumbu.”

“Wote?” nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba.

“Wote, tata. Na wewe utaingia uchague jogoo za mbegu mwenyewe, kwa sababu unajua. Tukimaliza banda, tunakaa chini tunapanga harusi.”

Vigelegele vikapigwa upya. Nikaona maisha yangu yote mbele yangu, asubuhi na jioni, na kila mahali kuna mabawa. Nikamtazama Nyamoita. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la mtu mwingine, yule mwanamume shujaa aliyebuniwa na baba yangu mdogo. Nikajua nikikubali hapa, nitakuwa naoa kwa jina la mtu huyo.

“Mama, Mzee, naomba niseme kitu,” nikasema. “Mimi naogopa kuku.”

Nikamsogeza jogoo kifuani.

“Naogopa sana. Tangu utoto. Siku ile sikukasirika, nilikimbia. Mtetea wako alikuwa mzuri, mama, hakuwa mdogo. Baba yangu mdogo alisema vile kunifichia aibu. Nimekuwa nikienda Kisii kwa mshauri anifundishe kumshika mmoja tu. Mmoja, mama. Si banda.”

Mzee Masese alinitazama. Akamtazama jogoo, aliyekuwa amelaza kichwa begani kwangu na kufumba macho. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Halafu akaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka barabarani.

“Anaogopa!” akasema, akijishika mbavu. “Muangalie vile anaogopa! Ameipakata kama mtoto!”

Sebule yote ikaanguka. Shangazi mmoja alikaa chini. Mama Bathsheba alisema kijana huyu ana mzaha, na kwamba nyumba yenye mzaha haivunjiki. Mzee Onyancha, asiye na haya, akacheka kuliko wote.

“Ni kweli,” nikasema. “Wallahi ni kweli!” Mkristo mzima nikaapa kwa kiapo cha watu wa pwani. Wakazidi kucheka.

Mmoja tu hakucheka. Nyamoita alikuja akasimama mbele yangu, karibu, akaniangalia mikono. Ilikuwa inatetemeka chini ya mabawa, na ni yeye peke yake aliyeiona.

“Ni kweli?” akauliza polepole.

“Ni kweli.”

“Siku ile ilikuwa kuku?”

“Ilikuwa kuku.”

“Si mimi?”

“Wewe ningekukimbilia, Nyamoita. Sijui kukukimbia.”

Macho yake yakajaa machozi. “Wiki zote hizi nilijua ni mimi,” akasema. “Nilijiuliza niko na nini mbaya mpaka mtu aruke kwa majani chai.” Akacheka na kulia kwa pamoja, akafuta pua kwa mgongo wa mkono. “Ungeniambia, wewe mjinga.”

“Nimekuambia sasa.”

“Sasa umechelewa. Mama ameshaenda kufungua banda.”

Ni kweli, sebule ilikuwa imehamia nje. Banda lilikuwa la mabati, refu kuliko duka langu, na ndani kulikuwa na mngurumo kama wa soko la Keroka. Mama Bathsheba alikuwa mlangoni, ameshika komeo, uso wote furaha. Mzee Masese alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko.

“Unaweza kukataa,” Nyamoita akaninong’oneza. “Mimi nitawaeleza polepole. Itachukua muda, lakini nitawaeleza.”

“Na harusi?”

“Itangoja.”

Nikafikiria kungoja. Nikafikiria pia ile hofu ilivyoshuka yenyewe, mara ya kwanza na mara ya pili. Nikampa yule jogoo, naye akampokea.

“Nitatoka na jogoo wawili,” nikasema. “Nikitoka na macho, tupange tarehe.”

Mlango ulikuwa mfupi. Nikainama, nikaingiza kichwa, nikaingiza bega, nikaingia mzima. Mngurumo ukakatika ghafla. Kwenye vijiti, kwenye viota, chini, kila mahali, vichwa viligeuka vikanitazama.

Nyuma yangu nikasikia komeo likisukumwa mpaka mwisho.

“Nimefunga, tata,” Mama Bathsheba akaita kutoka nje, kwa upole kabisa. “Wasitoroke. Wewe chagua tu pole pole.”